Kuitetea Chokaa

Chokaa, msomaji, imeshushwa cheo. Katika shule nyingi za nchi yetu kazi iliyobaki nayo ni kupakwa juu ya mawe yaliyopangwa kando ya njia iendayo ofisini kwa mwalimu mkuu, na juu ya vigogo vya miti wiki ambayo mgeni mheshimiwa anatarajiwa. Hutiwa katika vyoo vya shimo kupunguza harufu. Humwagwa kuwa mistari ya uwanja wa mpira, ikakanyagwa na wachezaji mchana, na mvua ya jioni ikaifuta. Mwambie mwenye nyumba wa mjini kwamba ukuta wake wafaa kupakwa chokaa, naye atakutazama kana kwamba umemshauri aende arusini amevaa gunia.

Nasema dharau hiyo ni upotovu, tena upotovu wenye gharama, kwa maana unabomoa nyumba. Sizisemei nyumba zote. Jengo la zege la Nairobi au Eldoret lina mavazi yake, nami sina ugomvi nalo. Nazisemea nyumba za kale za mawe ya matumbawe zilizo pwani, toka Pate na Lamu mpaka Mji wa Kale wa Mombasa, ambazo katika miaka yetu hii zinavuliwa chokaa na kuvikwa saruji na rangi ya plastiki. Zinavikwa kwa nia njema kabisa. Mwenye nyumba ametoa fedha, fundi ametoa jasho, majirani wamepongeza. Na nyumba inakufa ndani ya nguo mpya.

Anza na jambo unalolijua. Katika maabara ya shule ulipewa kikombe cha maji ya chokaa, maangavu kama maji ya kunywa, ukaambiwa uyapulizie kwa mrija. Yakageuka meupe kama maziwa. Mwalimu akakueleza kwamba katika pumzi yako mna hewa ya kabonidayoksaidi, na kwamba hewa hiyo ndiyo iliyoyageuza maji. Ukaandika katika daftari, ukapata alama, ukasahau. Lakini unga ule mweupe uliozama chini ya kikombe ulikuwa jiwe. Ulitengeneza jiwe kwa pumzi yako mwenyewe, na sikudhani kama yupo aliyekuambia hivyo.

Mababu wa pwani walilifanya jambo hilo hilo kwa ukubwa wa mji mzima, ijapokuwa hawakuwa na maabara. Walipanga magogo kwa duara, wakarundika mawe ya matumbawe juu yake, wakatia moto. Hiyo ndiyo tanuu ya chokaa. Jiwe likipata joto la kadiri ya nyuzi 900 za Selsiasi, hewa iliyofungwa ndani yake hutoka, na kinachobaki ni chokaa kali, kitu chenye kiu ya ajabu. Ikipata maji huchemka bila ya moto; ikimwingia mtu jichoni humpofusha, na fundi asiyeiheshimu haikawii kumfundisha. Iliachwa miezi mingi ipoe na kulainika. Kisha ikachanganywa na mchanga, ikapigwa ukutani kwa mwiko, na hapo ikaanza kuivuta hewa ile ile iliyoipoteza katika tanuu. Siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, ikarudi kuwa jiwe. Jiwe lilikwenda safari ndefu likarejea kwao, ila sasa limelala juu ya ukuta kama ngozi juu ya mwili.

Ukitaka kujua ngozi hiyo huishi muda gani, nenda Gede, karibu na Watamu. Huko lipo kaburi ambalo tarehe yake ilichorwa katika lipu ya chokaa: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 kwa hesabu ya miladi. Mji ulihamwa, mapaa yakaanguka, msitu ukazimeza nyumba na misikiti. Na katika karne ya 20 wataalamu walipoyafyeka magofu hayo waliisoma tarehe ile. Hapana kopo la rangi linalouzwa leo Kenya ambalo mwenye duka atathubutu kukuandikia hakikisho la miaka mia, sembuse mia tano.

Sasa tuutazame ukuta wenyewe, maana hapa ndipo penye shina la maneno yangu. Jiwe la matumbawe si kama jiwe la mtoni. Limejaa vitundu, kwa sababu lilijengwa na viumbe wadogo wa baharini. Ukuta wa nyumba ya kale, unene wake nusu mita hivi, ni mawe hayo yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na mchanga. Hauna msingi wa zege, wala chini yake haukutandikwa kitu cha kuzuia maji. Basi maji hupanda kutoka ardhini kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Mvua za masika huupiga kwa nje, mvuke wa jikoni huupata kwa ndani, na juu ya hayo upepo wa bahari huuletea chumvi usiku na mchana. Ukuta wa namna hii haujapata kuwa mkavu kabisa tangu ulipojengwa, wala hauhitaji. Unachohitaji ni kutoa kiasi kile kile unachoingiza.

Chokaa ndiyo njia ya kutolea. Nayo ina vitundu kama jiwe lenyewe. Maji yakifika usoni mwa ukuta, jua na upepo huyachukua. Chumvi iliyoyeyuka hufuatana na maji hayo, ikatua katika chokaa, chokaa ikachakaa na kupukutika polepole, kisha hupakwa nyingine. Chokaa hupukutika ili jiwe lisipukutike. Watu husema ukuta wa chokaa unapumua. Neno hilo ni la mfano tu, kwa maana ukuta hauna mapafu, lakini mimi sijapata lililo bora. Tena chokaa ni kali kwa kuvu na ukungu, ambao hupenda sana vyumba vyenye unyevu. Kwa sababu hiyo watu wa zamani walipaka upya hata kuta ambazo bado zilikuwa nyeupe.

Saruji haina tabia hiyo. Ni ngumu kuliko tumbawe, na ugumu wake ndio unaowadanganya watu. Nyumba ya kale haitulii: jua la mchana huutanua ukuta, usiku huubana, boriti za mikoko zilizobeba sakafu huinama kidogo na kuinuka kidogo. Chokaa huyavumilia hayo. Saruji haijui kupinda, hujua kupasuka. Ufa mwembamba kama unywele watosha. Maji ya mvua huingia kwa ufa huo, lakini yakishaingia hayaoni tena mlango, maana uso wote wa ukuta umefungwa. Hukaa humo. Huzifikia ncha za boriti zilizochomekwa ukutani, na boriti iliyodumu karne mbili katika ukuta unaokauka huanza kuoza katika ukuta usiokauka. Siku sakafu ya juu itakapobonyea, watu watailaumu boriti kwa uzee wake.

Halafu juu ya saruji huja rangi. Madukani huitwa rangi ya maji, kwa sababu huchanganywa kwa maji, na jina hilo limepoteza wengi, wakadhani ni kitu chepesi kama chokaa. Maji yakishakauka, kinachobaki ukutani ni utando wa plastiki wenye unga wa rangi ndani yake. Juu ya ukuta mkavu wa matofali ya saruji, utando huo ni kinga nzuri. Juu ya ukuta wa matumbawe ni mfuko uliofungwa mdomo. Unyevu hufika nyuma yake ukakwama. Chumvi huganda huko kuwa fuwele, na fuwele zikikua husukuma kwa nguvu ambayo huitazamii kwa kitu kidogo namna hiyo. Kwanza waona malengelenge. Kisha rangi hubanduka magamba magamba. Ukilishika gamba moja na kuligeuza, utaona unga umeshikamana nalo kwa nyuma. Unga huo si wa rangi, ni ukuta.

Nimeiona nyumba moja ya Mji wa Kale iliyopakwa samawati kwa ajili ya arusi, ikapendeza kweli kweli. Masika yalipopita, ukuta wake wa kichochoroni ulikuwa na malengelenge mpaka kimo cha goti. Fundi akaitwa tena. Akakwangua, akapiga lipu ya saruji nzito zaidi, akamalizia kwa rangi ya mafuta, akisema kwamba hiyo ndiyo itakayozuia maji. Mwaka uliofuata malengelenge yalikuwa chini ya dirisha. Maji hayakuzuiwa, yalinyimwa pa kutokea chini, yakapanda kutafuta pa kutokea juu. Mwenye nyumba alilipa mara mbili ili unyevu wake upandishwe.

Wala hasara si ya nje tu. Nyumba nyingi za mawe zilizosimama Lamu leo ni za karne ya 18, na fahari yake imo ndani: zile zidaka zilizopangwa safu juu ya safu, na mapambo yaliyochongwa katika lipu ya chokaa kabla haijawa ngumu. Unyevu ukifungiwa upande wa barabarani, hutafuta njia ya upande wa ndani, na kitu cha kwanza kukutana nacho ni kazi hiyo ya mikono. Lamu iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa sababu ya mambo kama hayo. Itakuwa kichekesho kikubwa ikiwa zidaka zilizookoka vita, njaa na kuhamwa zitaangushwa na ndoo ya rangi iliyonunuliwa kwa bei nafuu.

Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliwaagiza wenye majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale wayapake rangi nyeupe na michirizi ya buluu. Mabishano yalikuwa mengi. Wako waliolalamikia gharama, wako waliosema kwamba mji utameremeta na watalii watafurahi, wako waliouliza serikali ina haki gani kumchagulia mtu rangi ya nyumba yake. Katika mabishano yote niliyoyasikia, hapana aliyeuliza: hiyo nyeupe ni nyeupe ya nini? Macho yanajua nyeupe na buluu, ukuta haujui. Ukuta unajua kama unakauka au haukauki. Na weupe ule uliotafutwa kwa makopo ndio rangi ya chokaa yenyewe tangu itokapo katika tanuu. Mji wa Kale ungeweza kuupata weupe wake na afya yake kwa brashi moja.

Najua nitakavyojibiwa. Ya kwanza, kwamba chokaa haidumu. Baada ya mwaka mmoja au miwili yataka kupakwa tena. Ni kweli, nami siifichi. Walakini mtu haikatai kanzu kwa sababu yataka kufuliwa. Mkono mmoja wa chokaa juu ya mwingine hauhitaji kukwangua cha chini. Huongeza tu unene wa ngozi. Rangi ya plastiki nayo hupakwa tena, ila kila mara lazima ile ya zamani ikwanguliwe, na kila ikikwanguliwa huondoka na sehemu ya nyumba.

Ya pili, ambayo vijana huipenda zaidi, ni kwamba chokaa ni mambo ya kale na saruji ndiyo maendeleo. Haya, tuyapime maendeleo hayo. Saruji ya namna tunayoitumia ilipewa hataza na Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, Uingereza, mwaka 1824. Si kitu cha jana. Kiwanda cha Bamburi kilipoanza kutoa saruji mwaka 1954, mawe yake yalichimbwa katika matumbawe ya kale ya pwani hii hii. Mashimo yaliyobaki yalianza kupandwa miti mwaka 1971, na leo watoto wa shule hupelekwa huko kuwatazama twiga. Kwa hiyo saruji na chokaa ni ndugu wa tumbo moja. Moja lilichomwa peke yake, jingine lilichanganywa na udongo likachomwa kwa moto mkali zaidi. Ndugu mkali si lazima awe ndugu mwenye akili. Na huko Uingereza ilikozaliwa saruji hiyo, chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris na wenzake mwaka 1877 kinawashauri watu mpaka leo wasizipige kuta za kale saruji, bali chokaa, kwa sababu hizi hizi nilizozieleza. Wao walikwisha kuharibu nyingi za kwao ndipo wakajua. Sisi twaiga kosa ambalo wenyewe wamekwisha liacha, kisha twaliita maendeleo.

Jibu la tatu ndilo la haki kuliko yote, nami naliheshimu. Yasemwa kwamba tanuu za kale zilikula mikoko, na kwamba matumbawe yalichimbwa baharini, palipo na mazalio ya samaki. Je, turudie hayo? La. Tumbawe lililo hai libaki baharini, na mkoko usikatwe ili upate kuunguzwa chini ya mawe. Lakini chokaa haitoki pwani peke yake. Mawe ya chokaa huchimbwa na kuchomwa Koru, karibu na Muhoroni, na chokaa yake huuzwa kwa mifuko. Ile inayopakwa kwenye mawe ya njia ya mwalimu mkuu haikutoka katika mkoko wa Lamu. Kinachokosekana si chokaa, ni watu wanaojua kuitumia. Na hilo laniudhi zaidi, kwa kuwa ni upungufu tuliojitakia. Vyuo vyetu vya ufundi humtoa kijana aliyefundishwa kupima saruji na kokoto kwa zege ya kila namna. Mpeleke kijana huyo mbele ya ukuta wa matumbawe, naye atafanya kile anachokijua: atachanganya saruji. Si kosa lake. Hata wale wanaoombwa chokaa mara nyingi hutia konzi ya saruji ndani yake kwa siri, ili ikauke upesi walipwe upesi, na hilo huziba vile vitundu tulivyovihitaji.

Kazi yenyewe haina uchawi. Ukuta uliokwisha pigwa saruji hukwanguliwa kwa uangalifu, jiwe likaachwa wazi mpaka likauke kiasi. Lipu ya chokaa na mchanga uliooshwa hupigwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ikingojewa, ikilindwa kwa magunia mabichi isikaushwe na jua kwa haraka. Kisha chokaa iliyozimwa vizuri huchujwa na kuongezwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta hunyunyiziwa maji, chokaa hupakwa nyembamba sana, hata mtu asiyejua atadhani fundi anamwibia. Mkono wa kwanza huonekana kama maji tu, na weupe hutokea kadiri unavyokauka. Hurudiwa mikono mitatu, minne, mitano, siku kwa siku. Anayetaka rangi hutia udongo mwekundu au wa manjano uliosagwa. Na afunge macho yake kwa miwani, maana nimekwisha sema habari za chokaa na jicho.

Hiyo ni kazi ya juma zima, na rangi ya kopo humalizika kwa siku mbili. Mwenye nyumba maskini hawezi kulaumiwa akichagua siku mbili. Wanaofaa kulaumiwa ni wale wenye uwezo wa kuagiza. Mtu hawezi kutengeneza nyumba ya kale Lamu au Mji wa Kale bila ya kuomba ruhusa, na ruhusa hiyo yaweza kumtaka aseme ukuta wake ni wa nini na atapaka nini, badala ya kumwuliza atapaka rangi gani. Kaunti iliyoweza kuagiza nyeupe na buluu kwa mji mzima yaweza kuongeza mistari miwili katika karatasi ya ruhusa, mmoja wa kuitaja chokaa na mwingine wa kuikataza saruji.